Mizani ya kidijitali ya jikoni: maoni yangu kwa wapishi wa Dodoma tunaopimia kikombe

Wapendwa wa keki za oda, maandazi, mikate na visheti, nawaletea maoni kuhusu ile mizani ndogo ya kidijitali ya jikoni, nyeupe ya plastiki, ina kisahani juu na vitufe viwili vitatu mbele, wengi mmeiona imepangwa kwenye maduka ya vyombo mjini kuzunguka Soko la Majengo mkapita zenu. Yangu niliichukua kwa elfu 25, boksi halina jina la maana, inapima mpaka kilo 5 na inahesabu kwa gramu moja moja. Nianze na hukumu kabisa ili asiyependa kusoma marefu aondoke nayo: kama unapika kwa kuuza, hiki ndo kifaa cha kwanza kununua, kabla ya mashine ya kukorogea, kabla ya nozo za kupambia, kabla ya hizo boksi nzuri za keki. Kasoro inazo na nitazitaja zote, ila kazi yake kubwa inaifanya vizuri na hiyo kazi hakuna kikombe kitakachokufanyia.

Tatizo lenyewe liko hivi. Resipe nyingi tunazochukua mtandaoni zinasema vikombe, unga vikombe vitatu, sukari kikombe na nusu, na hakuna anaeuliza kikombe cha wapi. Cha Marekani ni mililita 237 hivi, na kwenye maandishi ya pakiti zao za vyakula wanakihesabu 240. Cha Australia ni 250. Cha Japani ni 200. Resipe za zamani za Uingereza zina kikombe cha mililita 284, yaani nusu painti yao. Vikombe vitatu vya Kijapani ni mililita 600, vitatu vya Kiingereza ni 852, hapo tofauti ni robo lita nzima na wote wameandika "vikombe vitatu". Sasa changanya na kikombe chako cha chai cha udongo kile chenye maua ambacho hakijawahi kuwa na kipimo chochote maana kiwanda kilichokitengeneza kilikuwa kinawaza chai. Hata kijiko cha chakula nacho kina mambo, sehemu nyingi ni mililita 15 ila Australia ni 20, kwa hiyo ukifuata resipe ya huko ya vijiko vinne umepungukiwa kijiko kizima na zaidi.

Afu hata mkikubaliana kikombe kimoja, vitu vikavu vyenyewe havitulii. Maji ukijaza kikombe yamejaa basi, ila unga una hewa ndani, na hewa hiyo inategemea umeuchotaje. Chunga unga wa ngano, umimine kwa kijiko kidogo kidogo kwenye kikombe cha mililita 240, ufute juu kwa mgongo wa kisu, unapata gramu 120 mpaka 125. Zamisha kikombe hicho hicho kwenye ndoo ya unga uchote kwa nguvu kama tunavyofanya wengi, unapata 140, 145, hata 150. Ukikigonga mezani unga ukashuka ukaongeza tena, unapita hapo. Kikombe kile kile, unga ule ule, mkono ule ule. Kwa keki ya vikombe vitatu unakuwa umeongeza gramu 60 na zaidi, ambayo ni nusu kikombe cha unga ambacho hakipo kwenye resipe, keki inatoka kavu, imepasuka juu, na lawama zinaenda kwenye oveni, kwenye mayai madogo, kwenye unga wa kampuni fulani. Na kwa wanaopiga hesabu ya faida oneni hii: paketi ya kilo mbili ukiichota kwa kijiko inatoa vikombe 16, ukizamisha kikombe inatoa 13 au 14. Bei ya paketi haijabadilika, oda ndo zimepungua.

Mizani inamaliza huo ubishi kwa sababu gramu 125 za unga ni gramu 125, uwe umechungwa, uwe umeshindiliwa, uwe wa chini ya gunia. Unaweka bakuli juu, unabonyeza kitufe kilichoandikwa TARE, inarudi sifuri, unamimina unga mpaka isome 375, unabonyeza tena inarudi sifuri, unaweka sukari juu ya unga huo huo, unabonyeza tena, maziwa ya unga, unaendelea. Bakuli moja tu. Na huku kwetu siku za mgao wa maji, vikombe vitano visivyohitaji kuoshwa ni faida unayoiona kwa macho.

Sasa lazima uwe na daraja la kutoka kwenye vikombe kwenda kwenye gramu, la sivyo mizani itakaa kabatini. Mi nina kadi imebandikwa ndani ya mlango wa kabati, nawapa yote kwa kikombe cha mililita 240: unga wa ngano 125, sukari nyeupe ya chenga 200, sukari ya kahawia ikishindiliwa kwenye 215, sukari ya unga 115 hadi 120, kakao 85 mpaka 100 kutegemea imechungwa au la, oti 80 na 90 hapo katikati, mchele mbichi 185 hadi 195, karanga nzima 145, zabibu kavu kama 150. Kwenye vijiko vya chai vya mililita 5 vilivyofutwa juu: chumvi laini gramu 6, beking pauda 4 na kidogo, hamira ya chenga 3. Kile kipaketi cha hamira cha gramu 11 kwa hiyo ni vijiko vya chai vitatu na nusu hivi, swali hili huwa linaulizwa kila siku. Hayo yote ni makadirio, usiyashike kama amri, sukari ya chenga kubwa na ya chenga ndogo hazilingani na zabibu kavu zinazonata zinajaza kikombe tofauti na zilizokauka sana. Lakini angalia yanavyotofautiana: sukari 200, unga 125, kakao haizidi 100, kikombe ni hicho hicho. Ndo maana mtu akikuuliza "kikombe kimoja ni gramu ngapi" huwezi kumjibu kabla hajasema kikombe cha nini.

Kitu nilichokipenda kuliko vyote kwenye hii mizani ni kwamba inakuwezesha kukijua kikombe chako mwenyewe, hata kama kilikuwa cha bibi. Kiweke juu, bonyeza TARE, jaza maji mpaka ukingoni pale unapofutia unga, soma. Gramu moja ya maji ni mililita moja, kwa jikoni hiyo inatosha kabisa, kwa hiyo kikisoma 210 kikombe chako ni cha mililita 210. Kikaushe vizuri, jaza unga kwa namna yako ya kila siku, pima tena, andika. Fanya hivyo kwa sukari, kwa mchele, kwa chochote unachokitumia sana. Umemaliza, una jedwali lako ambalo hakuna mtandao unaweza kukupa.

Kuna mama jirani yetu huku Ilazo anapika maandazi ya kusambaza kwenye vibanda vya chai, mtu anaheshimika kwa kazi yake, na yeye kipimo chake ni bakuli la bati. Nilipompelekea hii mizani akaniambia, "Mwanangu, bakuli hili halijawahi kuniangusha, hicho kidude cha betri cha nini?" Na ana haki, maana bakuli moja, mkono mmoja, unga wa aina moja miaka yote, hicho ni kipimo kamili kabisa na maandazi yake ni yale yale kila siku. Nikamwambia, "Shikamoo mama yangu, sikuja kulibadilisha bakuli, nimekuja kulipima." Binti yake yuko Singida anataka kuanza biashara hiyo hiyo na bakuli haliwezi kuwa Singida na Ilazo kwa wakati mmoja. Tukapima bakuli lake la unga lilivyojaa kwa mkono wake yeye, sukari yake ya kiganjani, hamira yake ya kijiko, iliki, mafuta, maji. Akamtumia binti namba kwa simu na sasa Singida wanakula maandazi ya Ilazo. Hii ndo sababu siwezi kukubaliana na wanaosema mizani ni ya wazungu au ya wasiojua kupika, ujuzi wa mkono wa mama kama huyu usipoandikwa unaishia kwenye mkono wake.

Haya kasoro sasa, na ya kwanza ni nzito maana inadanganya watu wengi. Hii mizani ina kitufe cha kubadilisha vipimo, unakibonyeza inatoka g (gramu) inakwenda oz (aunsi), inakwenda lb (pauni), inakwenda ml (mililita). Wadau, hiyo ml ni ya maji tu! Mizani haina macho ya kuona umeweka nini, inachojua ni uzito, na ikiandika ml imechukua ule uzito ikauhesabu kana kwamba ni maji. Zingine zina na alama ya maziwa, basi hapo mwisho. Ukiweka unga ukasubiri isome 240 ml ukidhani umepata kikombe kimoja cha Marekani, umeweka gramu 240 za unga, karibu vikombe viwili. Mafuta ya kula nayo yanakupotosha kwa upande mwingine, lita moja ya alizeti ina uzito wa kama gramu 920, kwa hiyo ikisoma 1000 ml umeshamimina zaidi ya lita. Karatasi ya maelezo iliyokuja kwenye boksi haisemi neno kuhusu hili na kwangu ni kosa kubwa la watengenezaji. Ushauri wangu iache kwenye g milele, kile kitufe kisahau.

Na hiyo oz nayo ina mtego wake, maana Wamarekani wana aunsi ya uzito ambayo ni gramu 28 na kidogo, na wana aunsi ya ujazo ambayo zikiwa nane zinafanya kikombe kimoja. Kikombe cha unga ni aunsi nane za ujazo lakini ukikipima uzito hakifiki hata aunsi nne na nusu. Resipe ikikuandikia 8 oz ya unga soma vizuri kabla hujamimina, mara nyingi kwa kitu kikavu wanamaanisha uzito, yaani gramu 227.

Kasoro ya pili, vitu vidogo haivioni vizuri. Imeandikwa gramu moja moja lakini ukinyunyiza beking pauda taratibu inaweza kukaa sifuri muda mrefu afu ghafla inaruka 3 au 4. Kwa hamira, chumvi, beking pauda na magadi, mi natumia vijiko vya kupimia na kuvifuta juu, sitaki kubahatisha. Au pima kiasi kikubwa kwa mkupuo mmoja kwenye karatasi badala ya kudondosha. Kuna mizani ndogo zile za kupimia vidani zinazosoma mpaka gramu 0.1 au 0.01, anaeoka mikate mingi anaweza kuongeza na hiyo, wa nyumbani hahitaji.

Ya tatu inajizima. Unaenda kutafuta sukari stoo ukirudi imezima, bakuli liko juu, ukiiwasha inaanza sifuri na umesahau ulikuwa umefika wapi. Inakera sana hii. Dawa yake ni kuwa na kila kitu mezani kabla ya kuanza, ila natamani wangeacha muda mrefu zaidi. Betri zikichoka pia inaanza kuyumba kabla haijazima, ukiona namba hazitulii badilisha betri kwanza kabla hujailaumu mizani. Na iwekwe pagumu, pamenyooka, juu ya kitambaa cha meza haisomi sawasawa.

Wauzaji wengi wanakuuzia pamoja na seti ya vikombe vya plastiki vya rangi, cha moja, nusu, theluthi, robo. Hivyo nimevipima kwa maji na sikuridhika, kile kikubwa kimeandikwa 250 lakini maji yanayoingia hayafiki, na vile vidogo havijumliki kuwa kikubwa. Vijiko vyake viko sawa, chukua kwa ajili ya vijiko.

Kwa wanaopika vya kwetu huku, unga wa mtama na wa uwele mizani ni lazima zaidi kuliko ngano. Unga wa dukani wa ngano unafanana paketi kwa paketi, ila mtama uliopeleka mwenyewe mashineni leo umesagwa laini, wiki ijayo mashine nyingine wamekusagia chenga chenga, na kikombe cha laini na cha chenga havina uzito mmoja. Nikifanya mkate wa mchanganyiko naweka robo ya mtama na robo tatu za ngano, kwa gramu, 125 kwa 375, unatoka ule ule. Kwa vikombe ulikuwa unatoka wa kila aina, leo laini kesho tofali. Na hewa ya Dodoma mnaijua, kiangazi imekauka kweli kweli, unga uliokaa wazi unapoteza unyevu na unakunywa maji zaidi wakati wa kukanda kuliko unavyoona kwenye resipe ya mtu wa Dar au Tanga. Mi maji nayo nayapima kwa gramu na naandika nimeongeza kiasi gani, kwa hiyo msimu ukibadilika nina mahali pa kuanzia.

Kuna aliyeniuliza kama anaweza kuitumia sokoni, yaani kujua kama sado au debe alilouziwa lina kilo alizoambiwa. Kwa kujiridhisha nyumbani ndiyo, kidogo kidogo maana mwisho kilo 5. Na utaona jambo lile lile la unga kwa ukubwa wake, sado ya maharage na sado ya karanga za maganda ni vitu viwili tofauti, na wakulima wa Kibaigwa na Kongwa wanajua gunia linalobeba kilo 100 za mahindi ukilijaza alizeti linacheza kwenye kilo sitini na kitu. Ujazo mmoja, uzito mwingine kabisa, ndo maana bei ya kwa debe haiwezi kulinganishwa na bei ya kwa kilo mpaka ujue ni debe la nini. Ila kuuzia wateja usiitumie! Mizani ya biashara inatakiwa iwe imehakikiwa na kuwekwa alama na Wakala wa Vipimo chini ya Sheria ya Vipimo, hizi za jikoni hazikuletwa kwa kazi hiyo, ukiuza karanga au visheti kwa kilo tafuta mizani yenye alama. Hii yako iwe ya kutengenezea.

Nani asinunue? Anaepika wali na mboga nyumbani tu, huyo vikombe vinamtosha, mchele ukizidi gramu kumi hakuna atakaejua. Na mwenye ile mizani ya mshale ya kilo 10 inayofanya kazi vizuri anaweza kuendelea nayo kwa unga na sukari, ila mishale mingi inaruka gramu 50 kwa mstari, kwa keki ndogo haitoshi.

Ukienda kununua usikubali kupewa boksi limefungwa. Nenda na chupa tupu ya maji ya nusu lita na nyingine iliyojaa haijafunguliwa. Mwambie kaka muuzaji aweke betri, weka chupa tupu na kifuniko chake, bonyeza TARE, itoe, weka iliyojaa, inatakiwa isome 500 au ipite kidogo maana viwanda vingi vinajaza kwa kuzidisha, ikisoma 470 au 560 hiyo iache. Kisha isogeze chupa kwenye kila kona ya kisahani, namba zikipishana zaidi ya gramu moja mbili omba nyingine. Itoe chupa uone kama inarudi pale pale ilipoanzia. Angalia inatumia betri gani, zile za remoti zinapatikana kila duka la mtaani, zile za duara bapa zitakusumbua kuzipata ukiwa Nkuhungu au Nzuguni usiku una oda ya asubuhi. Kisahani kiwe kinafutika, kile chenye mifereji unga unaingia hautoki. Na risiti chukua.